Wifi Yangu na Viatu vya Madereva

Wifi yangu amewavua viatu wanaume wengi kuliko mwanamke yeyote ninayemjua, tena mchana kweupe, mbele za watu. Kabla hujamfikiria vibaya, nikueleze: anafanya kazi mlangoni mwa mashine ya kuoshea magari. Mimi niko upande wa kutokea, na taulo zangu mbili.

Mashine yetu ina mkanda sakafuni. Gurudumu moja la mbele linaingia kwenye reli, chuma kinalisukuma kwa nyuma, na gari linasonga polepole katikati ya brashi na povu. Dereva anatakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kutofanya lolote. Aweke gia nyutro, aachie breki, aachie usukani, atulie. Hapo ndipo wanaposhindwa. Brashi ya kwanza ikigonga kioo, mguu unaruka kwenye breki, na mkanda hauna habari, unazidi kusukuma. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo balaa kubwa, kwa sababu linaweza kukaza yote kwa pamoja, na hapo lazima kitu kivunjike, chetu au chake.

Ndipo wifi akabuni mbinu ya viatu. Ukifika anainama dirishani. "Linavuta mawili au manne?" Ukisema manne, anauliza kama lina swichi, urudishe kwenye mawili. Kama halina, linavuta manne siku zote, basi nyutro inatosha. Anakuamuru uzime breki ile inayojishika yenyewe, na waipa zinazojiwasha zikiona maji, ukunje vioo vya pembeni. Mwisho ananyoosha mkono: "Kiatu cha kulia." Mtu mwenye soksi mguu mmoja hasahau mguu wake ulipo. Kiatu anakitia kwenye kapu, kapu linakuja kwangu kwa kamba iliyopita ukutani, nami namrudishia mwenyewe akitoka. Kwa miaka sita mashine haikukwama hata mara moja.

Sasa mwezi uliopita nikachanganya viatu viwili vyeusi. Bwana mkubwa mmoja akaenda kwenye kikao chake na kiatu chenye kamba na kingine kisicho na kamba, akarudi amevimba kwa hasira. Kosa lilikuwa langu, wala sijivunii. Bosi akamfokea wifi. Wifi alijua ni mimi, akanitupia jicho moja tu, hakunitaja. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Wiki iliyofuata bosi akaja na ubao mkubwa aliouandika mwenyewe: NYUTRO. ACHIA BREKI. ACHIA USUKANI. ASANTE.

"Mama, leo unakaa kwenye kiti," akamwambia wifi. "Magari kumi yakipita salama kwa kusoma ubao tu, kazi ya mlangoni imekwisha. Usinyanyuke, usiseme neno."

Wifi alikuwa akiosha magari kwa ndoo mahali hapo hapo kabla mashine haijaletwa. Mashine ilipokuja waliondoka wenzake kumi na moja, akabaki yeye. Aliketi, akafunga khanga vizuri kiunoni, akakunja mikono. Mimi huku mwisho nilikuwa nimeshalia kwenye taulo ya magari.

Gari la kwanza likapita. La pili likapita. Bosi akawa anaweka alama kwenye karatasi, macho kwenye mkanda tu, amekenua. Hakujua kwamba wateja wetu wa kila siku hawakuusoma ubao wake hata herufi moja. Walikuwa wanateremsha kioo kwa mazoea, wanarusha kiatu kwenye mapaja ya wifi, wanaingia. Yeye kimya kama alivyoagizwa, anatia kapuni, anavuta kamba. Yalipofika tisa, bosi akasugua viganja.

"La kumi naingia mwenyewe!"

Gari lake lilikuwa jipya, refu, linavuta manne, halijamaliza hata wiki. Akaweka nyutro. Akaachia breki, akaachia usukani, kila kitu kama alivyoandika. Mkanda ukamchukua vizuri. Lakini bosi ni mtu wa kuhakikisha. Alipofika kwenye povu akafungua mkanda wa kiti, akafungua mlango kidogo achungulie kama chuma kimeshika gurudumu. Gari lile lina akili zake. Likaona dereva anashuka, likajiwekea gia ya kuegesha lenyewe, likajikaza palepale.

Chuma kikaanza kupanda juu ya tairi. Gari likalia kwa sauti ya kutisha, na nyuma yake teksi ilikuwa imeshashikwa na mkanda, inamfuata taratibu.

Ingekuwa mimi, ningebaki kwenye kiti. Aliambiwa asinyanyuke, si ndiyo? Wifi hakufikiri hata mara mbili. Aliruka, akapiga kitufe chekundu kwa ngumi, kila kitu kikasimama. Teksi ilibakiza upana wa kiganja.

Akaenda mpaka dirishani, povu likimfika kwenye vifundo vya miguu. Bosi alikuwa na povu mpaka masikioni.

"Pole, bosi. Funga mlango. Funga mkanda. Kanyaga breki, uweke nyutro tena."

"Nimeweka nyutro!"

"Uliweka. Gari limeitoa. Usifungue mlango mpaka umemwona wifi yangu na taulo. Na kiatu, tafadhali."

Akampa. Bosi mzima, bila ubishi.

Alipotoka upande wangu nilimfutia gari, kisha nikamfuta na yeye kichwa, maana alihitaji. Nikamwambia pia kuhusu vile viatu viwili vyeusi, kwamba ni mimi niliyevichanganya. Alitazama foleni iliyokuwa imefika barabarani, madereva wakicheka wazi wazi, kisha akamrudia wifi pale mlangoni.

"Kesho fika saa moja asubuhi," akasema.

"Kesho ni siku yangu ya kupumzika, bosi."

Akafikiri kidogo, maji yakimchuruzika shingoni.

"Basi kesho hatufungui."