Simu ya Kukhu Shingoni mwa Ndama

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu, ndiyo maana haya nayaandika. Nyanya yangu, tunayemwita Kukhu, ana ugonjwa wa presha. Kliniki ya hapa kwetu, eneo la Kwanza, ilimwekea programu kwenye simu, ya kuhesabu hatua zake na kumtumia nesi. Kazi yangu ilikuwa kuichaji tu.

Lakini nilitaka kujua: simu inajuaje kwamba anayetembea ni Kukhu? Wiki iliyopita nikichunga ng'ombe, niliifunga kwa kitambaa shingoni mwa ndama. Jioni nikatazama. Hatua zilikuwa nyingi ajabu, na simu ikampongeza Kukhu kwa jina. Nikarudia kesho yake, na kesho yake tena.

Jana nilimsindikiza kliniki. Nesi alitazama simu, kisha miguu ya Kukhu.

"Mama, unatembea hivi na miguu bado imefura? Basi dawa hazitoshi. Wacha nimwambie daktari akuongezee."

"Ati natembea?" Kukhu akauliza. "Si mimi hutoka jikoni nikaketi mlangoni?"

Nesi alikuwa ameshainuka. Wazee wote kwenye benchi walikuwa wakisikiliza. Ningenyamaza, Kukhu angeongezewa dawa kwa sababu ya miguu ya ndama.

"Si yeye, sista," nikasema. "Ni ndama."

"Ndama gani?"

Kukhu aliichukua simu, akainusa polepole.

"Kumbe," akasema. "Na mimi wiki nzima naosha masikio, nikidhani ni mimi nanuka zizi."