Breki Ajiandaa kwa Mtihani wa Figo

Simu ya hospitali ilimkuta mwalimu wa udereva ndani ya gari la mafunzo, mguu juu ya pedeli yake ya pembeni, na mwanafunzi wake akiingia kwenye mzunguko wa barabara huku macho kayafumba nusu. Akakanyaga. Gari likasimama katikati ya njia, walio nyuma wakapiga honi na kutukana, naye akasikiliza simu kwa raha zake. Hakuitwa Breki bure. Sauti ya nesi ikamwambia Jumatano aje na mkewe kwa tathmini, madaktari waone kama anafaa kupandikizwa figo.

"Yaani mtihani," alisema Breki.

"Si mtihani, baba. Ni tathmini tu. Tunawapima, tunaongea nanyi."

"Nimekuelewa, dada. Mtihani."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Maisha yake yote alikuwa akiwavusha watu kwenye mtihani wa leseni, na imani yake ilikuwa moja tu: anayefaulu si anayejua kuendesha, ni anayejua ataulizwa nini. Na wanafunzi wake walikuwa wakifaulu kweli. Kama baada ya hapo waliweza kuendesha, hilo kawaulize wenye kuta zilizogongwa.

Figo zake zilikuwa zimegoma, zote mbili, kama watumishi waliokula njama. Siku moja yuko kazini, siku ya pili kalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na alikuwa amechoka, jamani, amechoka kweli, ingawa hakumwambia mtu. Kwenye kitanda cha jirani alilala kinyozi mmoja mwenye maneno mengi, aliyekwisha kwenda kwenye tathmini hiyo akarudishwa. Breki akamwinamia.

"Walikuuliza nini?"

"Meno," alisema kinyozi.

"Meno? Wewe si unaumwa figo?"

"Ndivyo nilivyowaambia! Wakasema ukishapandikizwa unapewa dawa za kuulegeza mwili ili usiikatae figo ya watu. Sasa mwili ukilegea, wadudu wa jino bovu wanafanya sherehe. Nimekwenda pale nimepiga moyo konde, nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya jino!"

Kesho yake Breki alikuwa kwa daktari wa meno. Moja likang'olewa, moja likazibwa, na shavu likavimba mpaka akafundisha siku nzima kwa ishara za mikono. Mwanafunzi mmoja alionyeshwa ageuze gari, akalizima, akashuka, akaenda zake nyumbani.

Maswali mengine kinyozi alimpa kwa kunong'ona, nesi akipita ananyamaza. Dawa unameza zote? Nani atakuuguza? Unaogopa? Na maji, je, unakunywa kiasi gani? Mgonjwa kama Breki hupewa kipimo kidogo cha maji kwa siku, kwa sababu yakiingia hayana pa kutokea. Yeye alisema hazidishi hata tone. Alikuwa anasukutua tu. Anachukua bilauri imejaa, anasimama kwenye sinki, anasukutua kwa makelele, na bilauri inarudi mezani tupu na sinki ni kavu.

Aliyejitolea kumpa figo alikuwa mkewe, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye sauti ya kuita bweni zima kwa chakula bila kengele. Damu zao zilipimwa, zikaonekana zinapatana, jambo lililowashangaza majirani, maana wawili hao hawakuwahi kupatana kwenye lolote jingine. Jumapili mchana Breki alimkalisha kwenye kiti sebuleni, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri zamu.

"Swali la kwanza. Mumeo anakunywa maji kiasi gani?"

"Mengi."

"Weee! Unasema, 'kwa kipimo alichopewa.'"

"Kwani wewe unakunywa kwa kipimo?"

"Mama watoto, jibu swali. Vidonge vya kutafuna na chakula anatafuna?"

"Anampa kuku."

Breki alishika kichwa. "Unataka nife?"

"Baba watoto, mimi sijui kusema uongo. Nikisema uongo nacheka."

"Basi uwe unakohoa. Swali lingine: unatoa figo kwa hiari yako? Jibu, 'ndiyo, kwa hiari yangu mwenyewe.'"

Mkewe alimtazama kidogo. "Na wewe je? Wakikuuliza kama unaitaka?"

"Hilo halimo kwenye mtihani," alisema Breki, akasimama kwenda kupiga pasi suruali yake ya suti. Mkewe akabaki kwenye kiti, mikono vilevile mapajani.

Jumatano wakapimwa kila kitu. Uzito, urefu, pumzi, moyo, damu ya chupa hii na damu ya chupa ile. Breki alipita kote kifua mbele, akisalimia wauguzi kama mgombea wa udiwani. Kwenye mizani alitaka kuvua viatu, saa na mkanda, na laiti wangemruhusu angevua na suruali, maana uzito ndio unaomwaga siri za maji. Nesi aliangalia namba, akamwangalia yeye, akaandika bila kusema neno. Hilo lilimtia roho juu kuliko kama angetukanwa.

Wakafika kwa mshauri, mama mtu mzima mwenye miwani na upole wa kutisha. Alisema ataongea na kila mmoja peke yake, faragha, kuanzia mgonjwa. Breki akajibu yote bila kupepesa macho. Maji kwa kipimo. Dawa zote. Hofu hana.

"Hofu huna kabisa?"

"Mama, mimi nakaa pembeni ya watu wasiojua kuendesha. Hofu niitoe wapi?"

Mshauri hakucheka. Akamshukuru, akamwita mkewe.

Breki aliketi kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa umevimba na haufungi sawasawa, na sauti ya mkewe, kama mjuavyo, haikuwa ya kuzuiwa na mlango. Kwanza alisikia kikohozi. Kikohozi cha pili. Kisha mkewe akaangua kicheko na kumwaga kila kitu: kusukutua, bilauri, sinki, vidonge, kuku. Hata afya ya kuku aliieleza. Breki alifunika uso. Kwisha habari yake. Alijiona amerudi kwenye ile mashine na kinyozi wake mpaka siku ya mwisho.

Halafu akasikia mshauri anauliza, polepole, kama kuna mtu amemlazimisha.

"Kunilazimisha?" Sauti ya mkewe ilishuka, mpaka Breki akalazimika kusogea. "Hata kuniomba hajaniomba. Nilipomwambia nitampa yangu, akasema 'sawa', akaenda kuosha gari. Mpaka leo sijui kama anaitaka. Mama, mimi naogopa kisu, naogopa sana. Nitavumilia. Lakini nachanwa nampa mtu ambaye sijui hata kama anaitaka?"

Breki alikaa kama aliyemwagiwa maji. Alikumbuka ile siku vizuri. Alikwenda kuosha gari kwa sababu alikuwa analia, na gari lilikuwa safi. Kumwomba aliona haya. Mtu unamwombaje mwenzio kiungo cha mwili wake, wakati hata chumvi mezani unamwomba kwa kununa? Na kama akiomba, mkewe akachanwa asiamke, atawaambia nini watoto? Basi akaona heri anyamaze, ionekane imekuja yenyewe.

Akausukuma mlango.

"Baba, haya ni mazungumzo ya faragha," mshauri alisema, "na zamu yako imepita."

"Najua. Nimefeli, najua. Maji nakunywa. Kuku ni kweli." Alisimama mbele ya mkewe, suti yake, shavu lake lenye uvimbe, mikono hajui aiweke wapi. "Naogopa usiamke. Naogopa hilo kuliko kufa kwangu. Lakini nataka kuishi, mama watoto. Naitaka. Naitaka mno, na naona aibu jinsi ninavyoitaka. Naomba unipe figo yako."

Mkewe alijifuta macho kwa upande wa khanga, akamkagua kuanzia viatu hadi kichwani, mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo.

"Subiri nifikirie," alisema.

Mguu wa Breki ukakanyaga sakafu, kana kwamba pedeli iko pale.

"Ni haki yako, mama," mshauri aliingilia haraka. "Unaweza kufikiria muda wowote unaotaka, na ukikataa hakuna atakayekulaumu."

"Ah, nimeshafikiria zamani, nampa," alisema mkewe, akimwinamia mshauri kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Ila mwache akae hivyo kidogo. Hajawahi kuniomba kitu."