Wimbo wa Jiwe Haupigiwi Makofi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoteremka basi pale Dutwa, redio kaseti begani na mfuko wa mtama mkononi. Ilikuwa miaka ya ruksa, soko limeshafunguliwa, Bariadi imejaa mitumba na kanda za bendi za mjini. Mimi nilikuwa na lebo yangu ya kanda, yangu mwenyewe, bila tajiri wala shirika nyuma yangu. Nilirekodi nyimbo za kale tu: za kilimo, za ngoma, za kubembeleza watoto. Wasichana wenzangu walisema nauza makaburi. Nilicheka nao, kisha nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga na kusikiliza kanda zangu peke yangu. Upweke ule ulinikaba, sitakuficha.

Nilichokitaka zaidi kilikuwa kanda ya nyimbo za kusagia. Mashine za kusaga zilikuwa zimefika kila senta, wanawake wameacha mawe ya kusagia, na nyimbo zao zilikuwa zinakwenda na maji. Niliambiwa aliyebaki nazo ni Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, mjane wa rika la bibi yangu, aliyekaa peke yake nje kidogo ya Dutwa.

Nilikuwa nimeshakwenda kwake mara moja, tukashindwa. Nilimkalisha mbali na jiwe ili kelele zake zisiharibu kanda, na maneno yakakataa kuja. Alisema yanakaa mikononi. Ndiyo maana safari hii nilibeba mtama.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu.

"Mwangaluka, ng'wana wane," alinijibu, akiniita mwanawe. "Umekuja na mashine yako tena."

Alipiga magoti mbele ya jiwe, akamwaga mtama, akaanza kusaga. Sauti ile, mwanangu, siwezi kukuigizia. Aliimba maneno ya bi harusi aliyeolewa mbali, mikono inamuuma, nyumba nzima imenyamaza, hakuna wa kumsaidia. Machozi yalinitoka. Alipomaliza nikapiga makofi, nikamwambia wimbo ni mzuri sana, arudie kidogo, maana jiwe lilizidi sauti.

Aliniangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kwetu wimbo wa jiwe hausifiwi," alisema. "Ni mtu anaomba. Anayeusikia anakuja kumpokea jiwe. Mume wangu kafa, wanangu wako Mwanza. Nauimba humu ndani, hakuna anayekuja. Leo kaja mtu, kanipigia makofi."

Nilipiga magoti nikapokea jiwe. Kanda niliisahau ikizunguka. Unga wangu ulikuwa chenga tupu, na yule mama alinicheka mpaka akashika mbavu, akanionyesha jinsi ya kuweka viganja. Kisha akaegemea ukuta, akapumzika. Nilisaga kimya, halafu sijui ilikuwaje, nikajikuta naimba yangu: ya chumba cha kupanga, ya kanda zisizonunuliwa, ya kula peke yangu kila siku. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote mambo hayo.

Mayu Kabula aliinuka pale ukutani. Alisogea, akanyoosha mikono, akanipokea jiwe.

Lebo yangu haikudumu, na yeye ameshatangulia. Ila mpaka alipotangulia nilikuwa nakwenda kwake, mara nyingi bila redio.

Leo mnakuja kwetu wazee na simu zenu, mnataka nyimbo za zamani, na mnafanya vizuri, rekodini. Lakini, mwanangu, ukimsikia mtu anaimba upweke wake, usikimbilie kuisifu sauti. Tazama mikono yake imeshika nini, umpokee kwanza. Na wewe ukilemewa, sema. Usione aibu.

Mungu akujalie sauti ya kuomba unapochoka, na akuwekee karibu mtu atakayesikia akanyanyuka. Wabeja, asante, mwanangu. Nenda salama.