Script ya zamu za kahawa Maguu: mchana inapiga kazi, alfajiri kimya

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nianze na bei, maana humu wengi mnauliza bei kabla ya kugusa bidhaa. Jambo hili limenigharimu jogoo mmoja, soli ya kiatu cha kulia na heshima yangu katika kijiji kizima cha Maguu.

Heshima imerudi. Soli imeshonwa. Jogoo ndiye aliyenileta kwenu.

Sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi.

Nina duka dogo hapa Mbinga mjini, natoa kopi na kufufua simu. Chumba nachangia na fundi cherehani, Selemani.

Kule Maguu kuna kikundi cha wakulima chenye mashine moja ya kumenya kahawa. Kahawa ikishachumwa inatakiwa ipite mashineni siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye gunia inachacha, daraja linashuka. Kwa hiyo mtu hachumi mpaka ajue leo zamu ni yake.

Zamani zamu zilitangazwa kanisani Jumapili. Tatizo, mashine ikigoma katikati ya wiki ratiba yote inavurugika, na huwezi kuitisha misa nyingine kwa ajili ya mashine.

Nikamuuzia wazo mwenyekiti wao, Mama Ndunguru. Jioni ananipigia kunipa zamu za kesho, naziingiza kwenye kompyuta ya dukani. Saa kumi na moja alfajiri script, yaani programu fupi niliyoiandika, inaamka yenyewe na kuwatumia wahusika meseji kupitia modem yangu, kile kidude cha kuchomeka chenye laini ya simu. Malipo tuliyabishania mpaka chai ikapoa, tukakubaliana.

Nikaijaribu kwa mkono. Meseji zikaenda. Nikarudia, zikaenda tena.

Nikaikabidhi kwa cron, yule mtumishi wa ndani ya kompyuta anayeamsha kazi kwa saa uliyompangia. Nikaenda kulala kama mtu aliyeajiri.

Alfajiri, kimya.

Asubuhi nikafungua duka, nikaendesha script kwa mkono. Ikatuma bila shida yoyote, ila muda wa kuchuma ulishapita. Watu walipata meseji ya zamu wakiwa tayari wameenda kuvuna mahindi.

Mama Ndunguru akapiga. "Baba, hiyo mashine yako inafanya kazi ukiiangalia tu?"

Nikacheka. Kumbe alikuwa ameshapata jibu, mimi ndiye ambaye sikulisikia.

Nikaamuru cron iandike kila inachosema kwenye faili la log, yaani daftari lake la matukio, maana kabla ya hapo ilikuwa inalalamika gizani. Log ikasema haioni faili la zamu. Hapa wageni wa cron tusikilizane: wewe ukiendesha script umekaa ndani ya folda yake, cron anaanzia folda nyingine kabisa. Mwandikie njia nzima ya kila faili, kama unavyomwelekeza mgeni ambaye hajawahi kufika Mbinga.

Nikarekebisha. Nikaipanga cron iamke saa nane mchana nione. Ikatuma. Nikaipanga tena saa tisa. Ikatuma.

Hapo kiburi kikaingia. Nikampigia mama: "Kesho ikikosa, nakuletea jogoo."

"Mlete akiwa mzima," akasema.

Alfajiri, kimya.

Nilipanda Maguu na jogoo kwapani. Bodaboda iligoma kwenye tope, kipande cha mwisho nikakitembea, ndipo soli ikaniaga. Kahawa njiani ilikuwa nyekundu inaelekea weusi, nyingine imeshaanguka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeiona hiyo iliyo chini?"

"Nimeiona."

"Hiyo ndiyo ada ya mtoto wa mtu. Kesho tena ikikosa, Jumapili tunarudi kanisani, na wewe ubaki na kopi zako." Akamfunga jogoo mguu, akanikaribisha ugali. Hajui kukasirika na mtu mwenye njaa.

Nikarudi dukani, nikafungua log. Mstari wa mwisho: modem haipo.

Haipo vipi? Nikaiangalia kwenye kompyuta, kweli haipo. Nikajipapasa. Ipo mfukoni.

Wakuu, kila jioni nikifunga duka nachomoa modem na kuondoka nayo. Nilianza siku Selemani alipomaliza bando langu lote kwa kuangalia mpira. Asubuhi naichomeka kabla hata ya kufagia. Kwa hiyo majaribio yangu yote, ya mkono na ya cron, yalifanyika modem ikiwepo. Alfajiri kompyuta inaamka, inatafuta modem, modem imelala na mimi.

"Sasa unaona," Selemani akasema, "ungeniamini tu."

"Nikuamini na lile bando?"

"Ilikuwa fainali, kaka."

Nikanunua kisanduku cha waya na kufuli, modem ikafungiwa humo ikiwa imechomekwa. Selemani akasema nimeifunga kama mbuzi.

Halafu nikaweka namba yangu kwenye orodha mara mbili, ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa.

Alfajiri nikiwa kitandani simu ikatetemeka. Nikasubiri ya pili. Ikatetemeka tena. Mwanzo umefika, mwisho umefika.

Mama Ndunguru akapiga, nyuma yake nasikia watu na ndoo. "Tunachuma."

Tangu hapo haijakosa, na mashine imejaa kazi.

Nilichojifunza: usijaribu kazi ya alfajiri mchana, ukiwa umekaa pembeni yake. Ondoka, funga duka kama kawaida yako, uone kama itajitegemea.

Sasa naombeni ushauri. Umeme ukikatika usiku na betri ikaisha, kompyuta haiwezi kuniambia imezimika, kwa sababu imezimika. Mnafanyaje mpate taarifa kabla mkulima hajalala na kahawa mtini?

La pili ni jogoo. Nilimdai kistaarabu, script si imeshapona. Mama akajibu, "Huyu anabaki kazini. Hana modem na hajakosa alfajiri hata moja."

Mnaonaje, nina kesi hapo au nimwache?