Niliwaambia wataalamu wa nyuklia kwamba mfongo wetu umekauka, ikabidi nisimame mbele ya kijiji kizima

Wakuu, habari za saa hizi.

Kisa hiki kimenitokea mimi mwenyewe, huku kwetu Masama, na sehemu kubwa yake ni aibu yangu. Kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kuna mwekezaji alikuja kutafuta site ya mtambo wa kupiga parachichi mionzi, kuua wadudu kabla hazijasafirishwa nje. Mionzi inatoka kwenye madini ya nyuklia, na hayo madini yanalazwa kwenye kidimbwi cha maji ndani ya jengo.

Kijijini ikawa "wanaleta nyuklia". Kina mama wakashika swali moja tu: hicho kidimbwi kikivuja, maji yanaenda wapi?

Swali la maana kabisa, maana site ilikuwa juu kidogo ya mfongo wetu. Kwa wasio wa huku, mfongo ni mfereji waliochimba mababu kuleta maji ya mlimani mpaka vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Ng'ombe wa mama yangu wanakunywa hayo. Bomba likikatika, hata sisi tunakunywa hayo.

Sasa njooni kwangu.

Wataalamu walipokuja kupima walitafuta mtu wa kuwaonyesha njia na kushika kamba. Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo, siku ya kusafisha mfongo. Tangazo lilishasomwa kanisani: kila nyumba itoe mtu, asiyefika alete debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Siku hiyo banio la juu kule msituni hufungwa, maji yanakata, watu wanazoa tope.

Mimi nikakacha, nikaenda na wataalamu. Nilisikia mtambo utahitaji walinzi, nikaona huu ndio mlango wangu.

Mtaalamu mmoja, mama wa makamo, akasimama katikati ya mfongo. Mkavu kabisa. Akaniuliza, "Huu bado unatumika?"

Nilijua nikisema ndiyo, site inahama na ulinzi wangu unahama nayo.

"Ilikuwa zamani, mama. Siku hizi ni mkavu."

Akapiga picha. Wanaume wote walikuwa juu na majembe, wa kunikanusha hayupo. Jioni maji yakarudi. Niliyaona, nikanyamaza.

Miezi ikapita. Tukaitwa mkutano wa hadhara, yule mama akasoma ripoti: karibu na eneo hakuna maji yanayotumiwa na wananchi, upo mfereji wa zamani uliokauka.

Wakuu, watu waliwaka!

Akanyanyuka Mzee Elirehema, mwenyekiti wa mfongo, na daftari lake la msaragambo. "Mwanangu, siku hiyo maji tuliyafunga wenyewe. Angalia tarehe ya picha yako, halafu angalia hii."

Tarehe zilikuwa moja. Yule mama akasema, "Nakuelewa, mzee. Lakini kuna mwenyeji alinithibitishia kwamba hautumiki."

"Mwenyeji gani?" watu wakapiga kelele.

Mzee akashusha macho kwenye daftari. Ukurasa ule aliyeandikwa hakufika alikuwa mtu mmoja tu. Akaniangalia juu ya miwani yake, wala hakunitaja. Alikuwa ananisubiri.

Na mama yangu alikaa mstari wa mbele.

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Huyo mwenyeji ni mimi. Nilidanganya, nilitaka kazi ya ulinzi."

Mama yangu akasema neno la Kichagga ambalo siliandiki hapa.

Mzee akafunga daftari. "Twendeni tukauone huo mkavu."

Tukaenda wote. Maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi, meupe, yanapiga kelele. Yule mama mtaalamu akavua viatu akaingia, yakamfika karibu na magoti. Akacheka mwenyewe. "Ripoti hii haifai. Tunaanza upya."

Vigelegele! Kina mama waliimba mpaka barabarani, na mimi niliimba nao nikiwa nalia.

Wakapima upya, safari hii na wenyeji kumi na wawili. Juzi barua imesomwa kanisani: mtambo hauji huku, unapelekwa tambarare mbali na mifongo na visima. Tumeshinda, wakuu. Tumeshinda!

Kazi ya ulinzi sina. Faini yangu ya mbege wazee waliifanya madebe mawili, moja la kukacha na moja la uongo. Mama ndiye aliyeipika, na kila aliyeionja alisema ni tamu kuliko ya Krismasi.

Nilichojifunza: mradi ukija kwenu, someni ripoti mpaka mwisho, na muulize picha zilipigwa siku gani.

Je, kuna mwingine humu amewahi kuwa "mwenyeji" wa kwenye ripoti? Aseme tu, mimi simcheki. Msaragambo uliofuata nilifika banioni wa kwanza, hata Mzee alinikuta.