Nilishika Antena, Sikumwona Dada

Mkanda wa baba ulikuwa mpana, wa kijani, kama wa mgambo, na akitaka kupiga aliushika upande wa kitambaa ili chuma ndicho kimfikie mtu. Siku aliyompiga dada yangu ilikuwa mchana kweupe, uani kwetu karibu na Msimbazi, wapangaji wote wapo, mmoja anachambua mchele, mwingine anafua. Kosa la dada ni kwamba alionekana kwenye mazoezi ya taarabu, kashika maikrofoni, anaimba mbele ya wanaume. Baba alimpiga mgongoni, akampiga mikononi, dada akainua uso aseme neno, chuma kikamwingia jicho la kushoto.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi mpaka kipigo kilipokwisha, na ndoo bado imejaa.

Siku ya tatu dada aliondoka na kitambaa kimefungwa usoni, akavuka kwenda Unguja na wenzake wa kikundi. Kwa mwaka mmoja na nusu tulipata barua moja tu. Aliandika kwamba hajambo, anaimba, tusiwe na wasiwasi. Kuhusu jicho hakuandika. Mama hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeisoma ile barua, tena na tena, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kila nikimaliza anauliza lile lile.

"Na jicho?"

"Halijaandikwa, mama."

"Angalia nyuma ya karatasi."

Nyuma hakukuwa na kitu.

Halafu mwezi wa Ramadhani mjomba, kaka yake mama, akaleta habari. Mjomba alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya mizigo inayoleta mbata kutoka visiwani na kurudi na saruji. Alisema amekutana na mpiga fidla wa kile kikundi, naye ndiye aliyemwambia kwamba Idi Pili, saa kumi na nusu alasiri, wataimba kwenye televisheni, na dada ndiye atakayetangulia.

Mama aliacha kukuna nazi. "Kwenye televisheni uso unaonekana?"

"Unaonekana mpaka vinyweleo," mjomba akasema.

Tangu hapo mama hakuwa na neno jingine. Kwenda Unguja baba asingemruhusu. Kwa hiyo ilibidi aone hapa hapa, na hapa hapa televisheni hakuna. Unguja walikuwa nayo siku nyingi, tena ya rangi. Sisi Bara tulikuwa na redio, na foleni ya sabuni, na viongozi waliotuambia televisheni ni anasa, nchi haijafika huko. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na nilikuwa na haraka. Nilitaka nchi ifike kabla ya Idi Pili.

Kariakoo nzima nilijua seti moja tu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa. Seti aliificha ghorofani nyuma ya pazia, lakini antena hakuweza kuificha. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni khanga za Idi, zimekwisha."

Nilipomweleza ninachotaka alinipeleka nyuma akanionyesha mlango wa ngazi. Ulikuwa umepasuka katikati, umepigiliwa ubao mpya. Wiki iliyopita watu walijazana kuangalia mpira, wakasukumana, mlango ukaenda, na kijana mmoja akaanguka kwa uso. Meno yake mawili mzee aliyaokota mwenyewe ngazini.

"Nimeiuza," alisema. "Ukiulizwa, sema nimeiuza." Alipoona sura yangu akashusha sauti. "Mama yako namfahamu, mwombee radhi. Lakini wakirudi tena, mara hii watanivunja mimi."

Hata hivyo aliniruhusu nipande paani niitazame antena yake. Niliichora kwenye daftari, mabomba mangapi, marefu kwa mafupi, imeelekea wapi. Ilikuwa imeelekea Unguja, imefungwa kwa waya mzito ulionyongwa kwa koleo mpaka mlingoti wake hautikisiki.

Mjomba aliposikia akacheka. "Mnahangaika na watu wa ghorofani, wakati sisi seti tunayo botini."

Kweli walikuwa nayo, ndogo, nyeusi na nyeupe, baharia mmoja aliinunua Uarabuni. Ilikula betri ya gari. Sauti waliipata, picha hawakuipata, kwa sababu antena yao ilikuwa vyuma vya mwavuli. "Wewe si msomi? Tutengenezee," mjomba akasema. Nikaomba vipande vya bomba la alumini kwa fundi redio wa jirani, nikavikata kama nilivyochora.

Kilichoharibu ni mdomo wangu. Baba alikuwa na kizimba cha nyama sokoni. Siku mbili kabla ya Idi nilitumwa kwake kuchukua nyama yetu ya sikukuu. Kizimba kimejaa watu, na mteja mmoja wa zamani akamuuliza, "Yule binti yako mkubwa siku hizi yuko wapi?"

"Yule amekufa," baba akasema, akalishusha panga kwenye mfupa.

"Hajafa," nikasema. "Idi Pili ataimba kwenye televisheni, na mama atamwona."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Televisheni ya Kariakoo hii? Labda itokee kwenye mizani."

Baba hakucheka. Alinipiga bapa la panga shavuni, nikaangukia vichwa vya mbuzi. "Taratibu mzee," yule mteja akasema, "huyo si wa kupima." Wakacheka tena. Baba akaniinua kwa ushungi. "Televisheni ya wapi?" Sikujibu. Akapiga tena. Sikujibu, na nilitembea kurudi nyumbani nikijiona shujaa, damu ya mbuzi na yangu zimechanganyika kwenye gauni. Ujinga mtupu. Baba alikuwa na shemeji mmoja tu wa kazi ya boti, na sokoni kila mtu alijua mabaharia ndio wanaoleta televisheni, kwa hiyo tangu pale alikuwa na habari yote aliyoihitaji.

Idi Pili baba aliondoka asubuhi kutembelea watu. Saa nane mimi na mama tulikuwa Magogoni, tukachukua mtumbwi mpaka kwenye boti, iliyokuwa imetia nanga upande wa Kigamboni ikisubiri nafasi ya kupakia. Mama alivaa khanga mpya na kupaka wanja, kama vile yeye ndiye atakayeonwa.

Maji yalikuwa yanajaa. Nilipanda juu ya kibanda cha nahodha, mwenyewe alikuwa nchi kavu kwa wakeze, nikasimamisha bomba refu la chuma kuwa mlingoti, nikaielekeza antena Unguja, nikaufunga mlingoti kwa waya na kuunyonga waya kwa koleo kama nilivyoona kule paani. Chini mjomba akaunga betri. Picha ikaja, safi, mwanamume anasoma habari. Mpishi wa boti, mzee kutoka Kilwa, akavua kofia.

"Anatuona?"

"Hapana, yeye hatuoni," mjomba akasema.

"Basi mbona kanikazia macho hivi?"

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu dada aondoke.

Watu wale walikuwa wameishi juu ya maji maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Nadhani kitu cha nyumbani kikiingia botini wanakihesabu kama kiko nyumbani. Boti iliyotia nanga si ghorofa. Maji yakijaa, pua inatazama mlango wa bandari. Yakianza kutoka, boti nzima inageuka. Na Idi ni mwezi mwandamo, maji ya bamvua, yanatoka kwa nguvu. Saa kumi na robo boti ikaanza kuzunguka, na mlingoti wangu nilioufunga kwa ufundi ukazunguka nayo.

"Picha imekuwa chenga," mpishi akaita.

Nilipanda mbio. Koleo nilikuwa nimeliacha chini, na nilikuwa na haraka ile ile yangu, kwa hiyo nikaanza kuufungua ule waya kwa vidole. Ulinichana mpaka ndani. Nikatumia meno. Ulipoachia, vidole viwili havikuwa na kucha. Nikakumbatia mlingoti na kuuzungusha kidogo kidogo, boti ikienda huku, mimi nauleta kule.

"Rudi. Rudi kidogo," mpishi alisema kutoka chini. "Hapo. Usipumue."

Seti ilikuwa chini ya miguu yangu hasa. Kwenye kidirisha cha paa niliona kisogo cha mama na mikono yake, basi. Hapo ndipo nilipouona mtumbwi unakuja, na baba amesimama katikati yake. Mkanda alikuwa ameshauvua kiunoni.

Alipanda kwa kukanyaga matairi ya ubavuni. Mjomba akatoka na spana kubwa ya injini, akasimama mlangoni.

"Shemeji, leo sikukuu."

"Nimemfuata mke wangu. Toka."

"Akiangalia akamaliza, mtashuka wote."

Baba akampiga. Chuma kilimpasua mjomba juu ya nyusi, damu ikamjaa machoni, akawa anarusha spana hovyo kama kipofu, ikapiga mlango, ikapiga ukuta. Mpishi alijaribu kuingilia, akasukumwa akaangukia sufuria ya pilau. Baba akaingia ndani. Niliona mkono wake unamkamata mama nywele, na mama anashika mguu wa meza iliyobeba seti kwa mikono miwili. Alivutwa shingo ikapinda, lakini uso hakuugeuza. Na pale pale mtangazaji akataja kikundi, vinanda vikaanza, na nikaisikia sauti ya dada yangu.

Baba akaachia nywele. Nilidhani ameisikia naye. Akatoka, akanitazama juu.

"Wewe, achia hicho kitu."

Ningeweza kuachia. Mjomba alikuwa amepiga magoti anajifuta damu, na mimi nilikuwa na bomba la chuma la kimo cha watu wawili, ningemwangushia baba kichwani. Nilifikiri hivyo kabisa, siwezi kujisingizia wema. Ila mama alisema kutoka ndani, bila kupaza sauti, "Mwanangu, usiachie."

Baba akanipiga miguuni. Kibanda hakikuwa kirefu, vifundo vyangu vilikuwa usawa wa kifua chake. Chuma kilikuwa kinagonga mfupa, narudi nyuma hatua moja, boti inageuka, nausogeza mlingoti, kinagonga tena. Nilijikojolea. Sikuachia. Dada alikuwa anaimba na mimi nilisikia kila kitu na sikumbuki neno hata moja.

Mjomba aliposimama, hakusema shemeji wala nini. Alimpiga baba spana kwenye mkono wenye mkanda, mara tatu, na mara ya pili wote tulisikia mfupa ukivunjika. Ya tatu haikuwa na kazi. Baba akakaa chini akiegemea matairi, mdomo wazi. Mjomba akainua tena, mpishi akamshika kiuno kwa nyuma, "Basi, basi, utaenda kunyongwa," wakaanguka wote wawili.

Wimbo ukaisha. Watu wa kule Unguja wakapiga makofi.

Nilishuka kwa kukaa, miguu haikunibeba. Mama alikuwa bado ameshika mguu wa meza.

"Umeliona?" nikamuuliza.

"Wimbo mzima kaimba kageuka upande," akasema. "Wakizunguka na picha, naye anazunguka. Mara moja tu amechelewa." Akaachia meza, kidole kimoja baada ya kingine. "Jeupe. Limekufa."

Alitoka nje. Nilingoja ampige baba, ampigie kelele, amtemee mate. Alipita mbele yake akiinua khanga isiguse damu, akamuuliza mjomba boti inaondoka lini.

"Tukishapakia. Kesho kutwa."

"Mimi sishuki."

"Kuna mambo ya karatasi, dada. Unguja hawaingii hivi hivi."

"Niandike mpishi."

Mzee wa Kilwa, pilau mpaka kwenye ndevu, akasema, "Andika. Mimi kazi hii imenichosha leo."

Mama akaniambia funguo ya sanduku iko chini ya mtungi, nimletee nguo zake zote na ile barua. Mtumbwi uliokuwepo ni mmoja tu, ule aliokuja nao baba, kwa hiyo tulirudi naye. Mwenye mtumbwi alimwangalia mkono ulivyoning'inia.

"Pole mzee. Imekuwaje?"

"Nimeteleza."

Tulikuwa tunakaribia Magogoni. Miguu yangu ilikuwa imevimba, maji ya chini ya mtumbwi yalikuwa mekundu, sijui ya nani. Baba alikuwa ameisikia habari ya jicho, alikaa hatua mbili kutoka ule mlango, haikuwezekana asisikie.

"La kushoto?" akauliza.

"Wewe ndiye uliyelipiga."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei akaona ni sawa. Tuliposhuka yeye akaenda njia ya hospitali, amebeba mkono wake kwa mkono mwingine, hakugeuka nyuma. Mimi nikachechemea mpaka nyumbani, nikaitoa funguo chini ya mtungi. Nilipanga khanga za mama zote, nikaweka barua juu. Halafu nikaziondoa khanga mbili kupata nafasi, nikatia gauni langu moja na daftari zangu. Mjomba atajua mwenyewe aniandike nani.