Hatuna la Kusema

Shemeji yangu, mume wa dada, alianza kazi gazetini kwa kusahihisha matangazo ya vifo, na kazi hiyo ikamfanya mtu wa mashaka. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza. Siku ya harusi yao nilimtania kwamba hata bibi harusi akikubali, yeye atataka mashahidi wengine wawili wathibitishe. Alicheka, kisha akaniuliza kama ninawajua.

Akapanda, akawa mwandishi. Siku moja aliandika kwamba muuza dawa fulani anauza dawa zilizoharibika, wala hakwenda kumuuliza. Watu walivunja duka. Baadaye ikajulikana kuwa mwenye makosa alikuwa aliyemletea mzigo, lakini yule bwana hakufungua duka tena. Jambo hilo lilimkaa shemeji rohoni. Alipokuwa mhariri mkuu aliweka sheria, akaibandika ukutani katika chumba cha habari: habari ya kumtuhumu mtu haitoki mpaka mwenyewe aulizwe na ajibu, hata kama jibu lake ni kukataa kujibu. Asipopatikana, habari inalala siku moja.

Waandishi waliinung'unikia sheria hiyo miaka nenda miaka rudi. Aliyeishika kama imani ni msaidizi wake, mwanamke waliyemwita Wembe kwa jinsi alivyozikata habari za watu bila huruma. Shemeji alipoondoka, Wembe ndiye aliyekalia kiti chake, na karatasi ikabaki ukutani.

Shemeji aliondoka kwa sababu gazeti lilikuwa linakonda na wizara ilimwita awe mshauri wa habari wa waziri. Alipewa ofisi yenye zulia na kiyoyozi. Alituambia anakwenda kusema ukweli akiwa ndani. Nilimwambia anakwenda kupaka watu poda, na mimi najua, maana nina saluni. Hakucheka siku hiyo. Kazi yenyewe ikawa kumfundisha waziri maswali gani asijibu, na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Katika kikao kimoja, kwa kutaka aonekane analijua gazeti lake la zamani ndani nje, aliwasimulia ile sheria ya ukutani. Wakubwa waliisikiliza vizuri sana.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mimi na binti yangu tulikuwa kwa dada, mezani, tunakula. Asubuhi yake, Jumatatu, waziri angefungua ghorofa mpya ya juu katika shule yetu, na darasa la mwisho lote lingekaa huko juu kumwimbia. Binti yangu alikuwa humo. Alikuwa akiimba huku anatafuna, na dada anamkanya.

Simu ya shemeji ikalia kando ya sahani. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Ikalia tena. Ikanyamaza, ikalia tena. Dada akauliza ni nani.

"Wembe," alisema shemeji.

Dada aliacha kupakua. Ameishi na mwanagazeti muda mrefu, anajua Wembe hapigi simu Jumapili kusalimia. Shemeji alisimama, akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji, kesho mtoto asiende shule. Sema anaumwa."

Nilimuuliza anaumwa nini. Akaniambia nisiulize. Mimi si mtu wa kuambiwa hivyo, nikasimama mlangoni nikamwambia hatoki mpaka aseme. Basi akasema, kwa sauti ndogo, akiwa ameshika ukingo wa sinki. Mainjinia walikuwa wameandika ripoti kwamba ghorofa ile ya juu haiwezi kubeba watu wengi, na nguzo zimeanza kupasuka. Waziri anayo. Anataka sherehe ipite kwanza, picha zipigwe, kisha jengo lifungwe kimyakimya. Wembe naye ameipata ripoti, anataka kuitoa Jumatatu asubuhi, na anatafuta jibu la wizara. Wakubwa wote wamezima simu. Maswali yote yameelekezwa kwa shemeji, na simu yake iko wazi kwa sababu waziri anaweza kumpigia.

"Na wewe hupokei," nilisema.

"Ndio ushauri niliowapa. Nisipopokea, habari inalala. Jumatatu inapita."

Nilimwona mwanangu kule juu na wenzake, wamepangwa mistari, wanaruka kwa kuimba kama wanavyofanya. Halafu hasira ikapanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo wangu aumwe, wa wenzangu wapande?"

Alisema amekula kiapo. Akiithibitisha ripoti ya siri, anafungwa. Akiikanusha, anaua. Nilimwambia nitatoka barabarani nikapige kelele mwenyewe, naye akaniuliza kwa upole ni nani atamsikiliza msusi dhidi ya waziri, Jumapili, bila karatasi mkononi. Nilijua anasema kweli, na nilimchukia kwa hilo.

Dada akafungua mlango. Uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote. Alikuwa ameishika ile simu, inalia.

"Inaita tena," alisema, akamnyooshea.

Shemeji aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani itakatika. Kisha akaipokea, akaweka spika, nadhani alitaka tuwe mashahidi. Wembe hakusalimia. Alisoma maneno ya mainjinia moja kwa moja, akauliza wizara inasemaje.

"Hatuna la kusema," alisema shemeji.

Wembe alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mkuu, hilo ni jibu? Niandike kwamba nimekuuliza na umejibu hivyo?"

"Andika hivyo hivyo. Na cheo changu."

Alikata simu, akaomba maji. Hakuwa amevunja siri wala kiapo, ila habari ilikuwa imepata jibu lake, na hakuna tena kilichoilaza.

Jumatatu gazeti lilitoka na picha ya nguzo zilizopasuka ukurasa wa kwanza. Wazazi walijaa langoni, kila mmoja amemshika wake mkono. Waziri hakuja. Ghorofa ilifungwa kwa kufuli na haijatumika mpaka leo. Kabla ya saa sita shemeji alikuwa amemwaga unga, kwa kuwa waziri hakuwa mjinga, aliikumbuka ile sheria vizuri.

Lakini mwisho wa habari ile kulikuwa na mstari mmoja, na mstari huo ndio watu walioushika. Mshauri wa wizara alipoulizwa, alisema hawana la kusema. Saluni yangu haikuwa na maneno mengine wiki nzima. Mama mmoja niliyekuwa namsuka alisema mtu wa namna hiyo hana moyo wala mtoto. Nilimvuta nywele kuliko ilivyohitajika. Ulimi uliniwasha, lakini shemeji alikuwa amenikataza: likijulikana alilokusudia, watasema amekiuka kiapo. Nimeruhusiwa kulisema sasa tu, waziri yule akiwa ameshasahaulika, na kwa sharti kwamba nimsomee Wembe kwanza.

Jumapili iliyofuata dada na mumewe walikuja kwangu. Nilikuwa namsuka binti yangu. Siku zote alikuwa akimkimbilia baba yake mkubwa kumwamkia. Safari hii hakuinuka.

"Baba mkubwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ni kweli ulisema huna la kusema? Au gazeti limekusingizia?"

Nilifungua mdomo. Shemeji alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, akanitikisia kichwa kunikataza.

"Gazeti limeandika sawasawa," alimjibu.

Binti yangu aligeuza uso ukutani. Nikamshika kichwa, nikaendelea kusuka.